Mlinzi wa Mabegi Kipindi cha Dini

Juzi nilimpelekea mpwa wangu sweta shuleni kwao, shule ya msingi ya serikali hapa Kariakoo. Nikakuta kipindi cha dini. Waislamu wako chumba cha kushoto kwa ustadhi, Wakristo cha kulia kwa katekista. Darasa la katikati lilikuwa kimya. Kila kiti kilikuwa na begi lililosimamishwa wima, kama mtoto asiye na kichwa. Mbele ya mabegi hayo amekaa binti mmoja wa Kihindu, hatikisiki.

"Shikamoo," alisema, macho yakiwa kwenye mabegi.

"Marahaba. Mbona peke yako?"

"Dini yangu haina mwalimu hapa. Wenzangu wameniambia niwalindie mabegi. Kipindi hiki vitu vilikuwa vinaibwa."

"Na nani?"

Akaelekeza kidevu ukuta wa kushoto, kisha wa kulia, taratibu. Papo hapo watoto wakaitikia kwa pamoja nyuma ya kuta zote mbili: "Usiibe."

Midomo ya binti ilikuwa ikifuatisha, bila sauti.

Sisi wakubwa tunabishana nani awafundishe watoto dini. Wao wanajuana; mabegi wanamwachia asiyefundishwa.