Majivu Yaliyomwokoa Mpasua Mbao wa Fizi

Jua limeshapanda juu ya vilima vya Fizi na umande unaanza kukauka. Bonaventure Wilondja anavua ndala zake, anaziweka pembeni, kisha anapanda pekupeku juu ya gogo la mkaratusi. Gogo limelazwa juu ya shimo refu. Anapanua miguu, anaushika mpini wa juu wa msumeno unaomzidi urefu, na kutazama chini.

Huko shimoni kuna mtu anakohoa. Ni Ndabaneze, mkimbizi kutoka Burundi, mwenzake wa kazi. Amejifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Kutoka juu havionekani vingine ila vidole vyake kwenye mpini wa chini.

"Tuvute, mukubwa?" anauliza.

"Vuta."

Msumeno unashuka na vumbi la mbao linamwagika kama unga. Bonaventure anafuata mstari mweusi waliouchora kwa uzi uliochovywa kwenye maji yenye unga mweusi wa betri kuukuu. Akikosea kidogo, ubao unatoka mwembamba upande mmoja, na wauzaji wa mbao kule Baraka, mji wa kando ya ziwa, hawana huruma na ubao wa namna hiyo.

Kazi hii ina utaratibu wake. Wa juu anaongoza, wa chini anavuta. Wa juu anaona ziwa, wa chini anakula vumbi. Kwa hiyo wapasua mbao hubadilishana: ubao mmoja ukitoka, wa chini hupanda na wa juu hushuka. Kila mtu hapa anaijua desturi hiyo na wengi wameshagombana kwa ajili yake. Kwa hawa wawili haipo. Tangu waanze kufanya kazi pamoja, Bonaventure hajashuka shimoni kuvuta hata mara moja.

"Bantu banazania mi ni chef, mukubwa wa kazi, njo maana nakaa juu," anatuambia na kucheka. "Haiko ivo. Mi siwezi kuingia mu shimo. Nikiingia, pumzi inaisha."

Hakuzaliwa hivyo. Akiwa kijana alichimba dhahabu upande wa Lulimba, tena alikuwa miongoni mwa wale waliotangulia kuingia mgodini wakati wenzao bado wanajikuna. Kisha asubuhi moja udongo ukaporomoka. Alifukiwa mpaka kifuani. Watu aliokunywa nao uji asubuhi ile hawakutoka. Yeye alitolewa kwa majembe na mikono, na mpaka leo akilitaja jambo hilo huanza kwa kumshukuru Mungu.

Alirudi nyumbani mzima wa mwili. Lakini moyo wake ukawa unakimbia bila sababu. Mlango ukifungwa ghafla, anatoka jasho. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na ibada ikijaa watu alitoka nje kabla ya mahubiri. Mkewe, Georgette, anakumbuka jinsi alivyokuwa akishindwa hata kuoga katika bafu la mabati.

Ndipo akachagua kupasua mbao. Kazi ya wazi, upepo unapita, na anga lote ni lake. Mradi abaki juu.

Georgette ndiye aliyempeleka kituo cha afya cha kanisa lao, kwa muuguzi Constance, mama mtaratibu aliyefundishwa kuhudumia watu wenye mahangaiko ya moyo. Constance alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Bonaventure hakuwa amelizoea, akampa vidonge vya kutuliza wasiwasi. Akamuuliza maswali ya kawaida: anakunywa pombe? Anavuta sigara?

Bonaventure akajibu kwamba hapana. Pombe ilikuwa kweli hapana. Sigara ulikuwa uongo mweupe kama maziwa.

Msomaji anaweza kumlaumu. Afadhali asubiri kidogo. Katika makanisa mengi ya huku, mshiriki anayevuta hutengwa na meza ya Bwana mpaka atubu. Na Constance huimba kwaya moja na Georgette, bega kwa bega.

"Nikisema pale kwa kituo, Siku ya Mungu inakuwa tangazo mu kanisa," anasema Bonaventure. "Njo nilinyamaza. Nilikuwa navutia kule juu ya gogo tu, mahali watu ya kanisa habafike."

Alivuta sana, moja ikizimika anawasha nyingine, sigara ikining'inia mdomoni huku mikono ikiwa kwenye msumeno. Vidonge havikumsaidia kama ilivyotarajiwa. Alirudi kwa Constance kulalamika, naye akaongeza kipimo. Baada ya muda akaongeza tena. Hatimaye dawa ikashika. Moyo ukatulia, Bonaventure akaoga tena ndani ya bafu akipiga mluzi, na Georgette akatoa sadaka ya shukrani.

Mambo yangeishia hapo kama si mkutano wa maombi kabla ya Pasaka. Mchungaji aliwaita mbele wanaotaka kuacha tumbaku, kila mmoja atupe pakiti yake kwenye kikapu. Bonaventure akasimama. Hakuwa amepanga. Anasema alimtazama mkewe aliyekuwa akiimba, akajisikia vibaya kumfanya aishi na siri ambayo, kwa hakika, alishainusa kwenye mashati miaka mingi. Alitupa pakiti na kiberiti pamoja, na watu wakashangilia. Constance hakuwapo. Alikuwa zamu kituoni, wala hakuna aliyemsimulia.

Siku chache baadaye Bonaventure akaanza kusinzia.

Alisinzia akila na akivaa. Maneno yalimtoka kwa uzito, miguu ikamlegea. Jirani mmoja akaeneza kwamba ameacha sigara akahamia kwenye pombe. Mwingine akasema wenzake waliofia Lulimba wanamwita. Yeye mwenyewe aliamini ni mwili unaotoa uchafu wa tumbaku, akaendelea kumeza vidonge vyote kama alivyoelekezwa. Nani angefikiri vinginevyo? Mtu ameacha kitu kibaya, anategemea apate nguvu.

Aliyeona kwanza ni yule asiyeona chochote isipokuwa vumbi.

"Musumeno inasema," anaeleza Ndabaneze, aliyekaa ukingoni mwa shimo akipangusa macho. "Mwenye iko juu akikasirika, minasikia mu mikono. Akicheka, minasikia. Ile asubuhi nikasikia hakuna mutu."

Aliuachia msumeno, akaruka pembeni na kuita. Bonaventure alikuwa amelala wima. Alianguka shimoni, mahali anapopaogopa kuliko popote duniani, akaangukia lundo la vumbi laini na mkono wa mwenzake. Kama Ndabaneze angeendelea kuuvuta msumeno, habari hii ingekuwa ya mazishi.

Bonaventure hakumbuki jinsi alivyotolewa. Anachokumbuka ni mwenzake akiufunga msumeno kwa gunia na kumwambia kwamba hatavuta tena naye mpaka muuguzi amwone. Kama hawezi kusimama juu, basi ashuke chini wabadilishane. Wote wawili walijua kwamba hilo haliwezekani. Kwa Bonaventure, kupoteza nafasi ya juu kulikuwa kupoteza kazi yenyewe, na hana nyingine.

Wakateremka pamoja mpaka kituoni. Constance akampima, akauliza nini kimebadilika. Bonaventure akasema hakuna: chakula kilekile, kazi ileile, dawa zilezile. Constance akauliza tena kama anavuta sigara. Bonaventure akajibu hapana, na safari hii, jamani, lilikuwa jibu la kweli kabisa. Muuguzi akabaki anatazama vidonge asielewe.

Ndabaneze alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alimwita muuguzi kama wengi wanavyomwita.

"Mama Constance, unisamehe. Huyu muzee alikuwa anavuta sana. Majivu yake ilikuwa inanianguka ku kichwa kila siku. Sasa haianguke tena, tangu ile maombi."

Bonaventure anasema alitamani ardhi immeze, yeye ambaye ilishammeza mara moja. Lakini Constance hakukasirika. Alifunga mlango, akavuta kiti na kuwaeleza kwa upole.

Moshi wa tumbaku hulifanya ini lifanye kazi kwa haraka, na baadhi ya dawa za wasiwasi husafishwa mwilini kabla hazijamaliza kazi. Ndiyo maana kipimo cha kawaida hakikumtosha, naye Constance akawa anaongeza bila kujua anashindana na moshi. Sigara ilipokoma, ini likarudi kwenye mwendo wake, na dawa ile nyingi ikabaki mwilini ikijilimbikiza. Si dawa zote ziko hivyo, alisisitiza, na si watu wote. Lakini anayeanza au kuacha kuvuta lazima amwambie anayemtibu, na asikatishe vidonge mwenyewe, maana kukatisha ghafla nako ni hatari.

Alishauriana na daktari kwa simu, kisha akapunguza kipimo hatua kwa hatua. Usingizi ukaondoka taratibu. Bonaventure akarudi juu ya gogo, kwanza kwa nusu siku, Ndabaneze akisikiliza msumeno.

Kulikuwa na kujikwaa kidogo. Roger, dereva anayeshusha mbao Baraka, alimwonea huruma kwa hamu ya sigara akampa kile kifaa cha betri wanachovuta vijana. Akamhakikishia kwamba huo ni mvuke, si moshi, hivyo ahadi ya kanisani haijaguswa. Bonaventure alivuta mara kadhaa, na moyo wake ukaanza kukimbia kama zamani.

Safari hii hakungoja kusalitiwa na majivu. Alikwenda mwenyewe, na kabla ya kukaa akamwambia Constance kila kitu. Constance alicheka kwanza. Kisha akamweleza kwamba mvuke hauna ule moshi unaoharakisha ini, ila una nikotini, na nikotini huuchochea moyo uleule ambao dawa inajaribu kuutuliza.

"Aliniambia ni kama mutu mumoja anazima moto, na mwingine iko nyuma yake anawasha," anakumbuka Bonaventure. Kifaa alimrudishia Roger.

Constance naye anasema tukio lile lilimfundisha kazi. Siku hizi hamuulizi mtu kama anavuta. Anafunga mlango kwanza, anaahidi kwamba neno halitatoka humo, kisha anauliza mtu anavuta kiasi gani. Majibu, anasema, ni tofauti kabisa.

Georgette hana la kuongeza ila shukrani. Mumewe sasa anakaa kanisani mpaka baraka ya mwisho, ingawa bado benchi ni lile la karibu na mlango.

Ubao wa kwanza umetoka. Bonaventure anashuka kutoka juu ya gogo na kunyoosha kidole upande wa ziwa. Nyuma ya milima ya rasi ya Ubwari, mbali, kuna mstari wa buluu. Ni Burundi. Huonekana asubuhi tu. Kufika mchana, Ndabaneze anapotoka kupumzika, ukungu umeshaifunika.

"Miaka yote, mi njo naangaliaka inchi ya kwabo," anasema Bonaventure kwa sauti ya chini. "Yeye iko chini, anakula vumbi sababu yangu. Hajawahi kuniomba tubadilishane. Hata siku moja."

Mpango wake, akijaliwa, ni kupasua ubao mmoja mzima akiwa chini, mwenzake akiwa juu, kabla ya mvua kubwa. Constance anajua na anamwongoza. Wamechonga ngazi ya udongo ukutani mwa shimo, na kila asubuhi kabla ya kazi Bonaventure hushuka kidogo, husimama, hupumua, hutoka. Leo alifika mpaka shimo lilipomfunika kifua, palepale udongo wa Lulimba ulipomfikia, akatoka haraka akicheka.

Tunamuuliza Ndabaneze, ambaye leo ametoka mapema kuzungumza nasi, kama anaungoja ubao huo. Anajipangusa vumbi usoni, anautazama ule mstari wa buluu unaoanza kufifia, kisha anarudi shimoni bila haraka.

"Asiende mbio," anasema. "Burundi haitembee."

Anaushika mpini wa chini. Bonaventure anapanda.