Uliza Mulango ya Bleu

Alibisha saa tano ya asubuhi, jua kali, mimi niko ku mashine nashona masakoshi, mikoba ya kitenge. Hakubisha kama jirani. Jirani wa hapa Kasha anasema hodi wakati ameshaingia. Huyu alipiga mara tatu, kisha akaniita kwa jina la kule kwetu, jina ambalo hapa Bukavu hakuna mutu analijua. Sindano ikaniingia mu kidole. Sikusikia maumivu, niliona tu damu ku kitenge.

"Maman wa masakoshi, fungua. Mi ni client."

Miaka inapita lakini sauti haizeeki. Ni sauti ileile iliyoniambia, siku yeye na wenzake wa bunduki walipomutoa mume wangu mu nyumba kule upande wa Shabunda: "Maman, usilie, anarudi sasa hivi." Mupaka leo hajarudi.

Mutaniuliza kwa nini nilifungua. Nyumba yangu haina mulango wa nyuma, na komeo ni moja. Washonaji wenzangu walikuwa wameenda soko, na binti yangu, aliyekuja likizo, alikuwa mu chumba, anapiga pasi. Nilimufanyia alama na mukono asitoke, nikafungua.

Alikuwa na koti na viatu safi. Akakaa ku kiti bila kuambiwa, akaanza kushika masakoshi yangu moja moja.

"Nilikuona mu telefone. Nikasema, ee! Kumbe uyu angali muzima! Na banaandika muzuri: mulango ya bleu. Sikupotea hata kidogo." Akacheka. "Unaishi peke yako kweli, ao ile ni piblisite tu?"

"Mume wangu anarudi sasa hivi," nikasema.

Maneno yalitoka kabla sijayafikiri. Yalikuwa maneno yake mwenyewe.

"Ah bon, kumbe," akasema.

Akachagua sakoshi ya njano, akalipa. Alipotoka akasimama, akapitisha kidole ku bawaba za mulango, juu na chini, kama seremala.

"Kama haiko ya muzuri, nitairudisha. Munaandika siku kumi na ine, si vile?"

Ndiyo, tuliandika vile: client asiyependa sakoshi anairudisha mu siku zile. Sasa niseme namna mulango wangu uliingia mu telefone ya yule mutu, na nani aliuingiza.

Mimi nilisoma mupaka ya tatu primaire, shule ya musingi. Kitu nilijifunza sana ni kutokuonekana. Nilipokimbia kwetu nilikaa Katana, karibu na hospitali, kisha Mudaka nikiuza maharagi, kisha hapa Kasha. Kila mahali nilisema natoka kijiji kingine. Ku sherehe za parokia, wakitaka kupiga picha, mimi naenda kuangalia sufuria. Niliishi mu watu kama chumvi mu mboga: niko, lakini hauwezi kunionyesha na kidole.

Kisha ukakuja mradi wa kusaidia wamama washonaji. Wakatuletea formateur, mwalimu wa kutufundisha biashara, mwanaume wa tai shingoni, mwenye watoto tayari, si mutoto. Akatengeneza duka mu telefone ili wandugu walioko Ulaya waone masakoshi yetu. Wa kwanza kuharibu ni yeye. Aliweka picha ya muzungu mwenye sakoshi ambayo hata hatukuishona, aliiokota kwingine. Wenye piblisite, ile kampuni ya mbali ya matangazo, wakakataa kuonyesha duka. Akatusomea jibu lao mu Kifaransa, akatufasiria:

"Bamaman, banasema hatuaminike. Duka ya kweli iko na mutu, iko na sura, iko na adresi, na inaeleza namna client anaweza kurudisha kitu."

"Sura yangu hapana," nikasema. "Adresi, muweke ya biro yenu."

Wenzangu wakacheka. Mumoja, ule wa mashine karibu na yangu, akasema: "Maman, unajificha nini? We ni minisitre?" Angejua, asingecheka.

Mukubwa wa mradi, mama anayetembea na jeep nyeupe, alikataa tuandike biro, ofisi yao. "Sisi hatuuze masakoshi," alisema, "hatuwezi kuweka adresi yetu pale." Biro yao iko na mulinzi ku portail, lango kubwa, na miba ya chuma juu ya ukuta. Wakachagua mulango wangu, kwa sababu mashine nyingi zilikuwa kwangu. Nilivaa kitambaa mupaka ku macho, formateur akanitolea. "Maman, sura wazi. Mutu anayejificha haaminiki." Akanipiga picha mbele ya mulango.

Tena adresi ilitaka namba. Ku avenue yetu namba ni ya nani? Sisi tunaelekezana na midomo. Akaniuliza wateja watanipata saa gani, nikamujibu kama mutu anavyojibu: niko hapa siku zote, niko peke yangu, binti anakuja tu likizo. Naye akaandika vyote: Kasha, shuka ku bomba ya maji, nyuma ya kanisa, uliza mulango ya bleu, maman anaishi peke yake, anapatikana siku zote.

Kisha siku moja akaruka: "Banakubali! Sasa tunaaminika!" Tukakunywa sukre, soda za kufurahia. Na mimi nilikunywa, nilicheka. Hiyo nayo naiandika.

Yule mutu alipotoka, nilikimbia kwa formateur na damu ingali ku kidole. Toa adresi, nikamuambia.

"Nikiitoa, batafunga duka tena, maman. Benzako batakula nini? Uyo mutu alilipa? Basi ni client."

Mama wa jeep aliniuliza kama niko na preuve, ushahidi. Mimi na binti tuliwaandikia hata wenye piblisite. Wale hawakujibu.

Nikapaka mulango rangi ya kahawia. Kesho yake nikasikia jirani yangu inje anaelekeza mutu, kwa roho safi kabisa: "Mulango ya bleu? Iko ile ya kahawia sasa."

Mutasema nihame. Nilihama mara tatu. Binti nimemurudisha shule mbele ya wakati. Leo ni siku ya kenda tangu ile sakoshi ya njano itoke hapa; zimebaki tano.

Majina siandiki, najua jina lililoandikwa linafanya nini. Lakini munajijua. Wewe wa tai, uliyeuza maneno ya mudomo wangu. Wewe wa jeep, uliyeficha ukuta wako ukaonyesha komeo langu. Na wewe wa mbali, uliyesoma "anaishi peke yake" ukasema sasa duka hili linaaminika: linaaminika kwa nani? Mutoke mu biro, mukuje mukae ku kiti kile alichokalia, munijibu. Siku ya kumi na ine akibisha, nani kati yenu atafungua?