Bi Loretta na Mstari Mweupe

Siku za kazi Loretta Pruitt anawapikia watoto wa shule. Jumamosi alasiri anatuchunga sisi, na mwenyewe anasema watoto wana adabu zaidi.

Ni msimamizi wa madereva katika uwanja wetu mdogo wa mbio za magari wa Hobbs Hollow, hapa North Carolina, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mwanamke mfupi, mfukoni hakosi karanga za kuchemsha. Kazi yake inaanza mbio zikishakwisha, saa ambayo dereva amegongwa nyuma mizunguko hamsini na damu inamchemka. Kila timu ina sehemu yake ya kuegesha gari, imezungushiwa mstari mweupe wa rangi. Ukifika unavua helmeti, unaiweka juu ya paa la gari, unakaa hapo mpaka Loretta akuruhusu. Ukikanyaga sehemu ya mwenzako kabla ya hapo, pointi zako za siku hiyo huna. Basi.

"Wewe Coble! Helmeti juu, makalio chini!" Ndiyo salamu yake. Na majitu yenye mandevu yanakaa, kimya.

Mimi ni fundi wa matairi wa Garland, ambaye ni mdogo wake Loretta, baba mmoja mama mmoja. Garland ameendesha miaka ishirini na sita bila kuuonja ubingwa wa msimu. Mwaka jana, mbio za mwisho, alihitaji kumaliza ndani ya watano wa kwanza tu. Akawa wa tatu! Nililia, sioni haya kusema.

Lakini kwenye kona ya mwisho alikuwa amemgusa Travis Coble, kwa bahati mbaya kabisa, na Travis akaupiga ukuta. Gari lilijikokota mpaka sehemu yake, Travis akabaki ameinamia usukani. Garland akaona. Akaweka helmeti yake juu ya paa, vizuri tu, kisha huyo, akavuka mstari, akaingiza kichwa dirishani.

"Uko salama, dogo?"

"Niko salama, kaka. Pumzi tu ilikata."

Loretta alikuwa hatua kumi kutoka hapo. "Garland," akasema. "Umekanyaga."

"Dada, nimekuja kumjulia hali."

"Nimesikia. Umekanyaga."

Travis mwenyewe akapiga kelele: "Bi Loretta, jamani! Hajanipiga! Mwachie ubingwa wake!"

Loretta akaandika namba ya gari la mdogo wake kwenye karatasi, akawapelekea waamuzi. Ubingwa ukaenda kwa mtu mwingine.

Nikamfuata, nimewaka. "We mama una roho ya jiwe! Damu yako mwenyewe! Miaka ishirini na sita! Mtu kaenda kuuliza hali tu, huoni?"

Akageuka. Alikuwa analia, na machozi hakuyafuta.

"Zamani sheria ilikuwa inauliza sababu," akasema. "Aliyevuka kwa wema alisamehewa. Mpaka siku ile, Hoyt, wewe ungali dereva, uliponipita hapa ukaniambia unakwenda kumwomba msamaha Boyd Tuttle. Nikakupisha. Ukamvunja taya kwa spana. Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa mwenye uwanja, nikamwambia aifute hiyo habari ya sababu, maana mimi siwezi kuona moyoni mwa mtu."

Taya la Boyd nalikumbuka mpaka leo, na nilifungiwa mwaka mzima kwa ajili yake. Ule uongo nilikuwa nimeusahau. Nilisimama pale nikiona aibu ambayo sijapata kuiona maishani.

Nikarudi kwenye sehemu yetu. Garland alikuwa ameanza kupakia matairi peke yake.

"Umeongea naye?" akaniuliza. "Dada kasemaje?"

Nikalishika tairi upande wa pili, tukalipandisha.