Shavu Lililosafishwa

Mama yangu hana picha hata moja. Tulipokimbia vita kutoka Kasongo tulibeba sufuria na mikeka. Picha zilibaki ukutani, na nyumba ikaungua. Mama mwenyewe tulimzika Wamaza, tulikokimbilia, kabla hatujarudi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiamka na sauti yake masikioni, lakini nikitafuta uso, sioni kitu. Hilo linanitisha kuliko mzimu wowote.

Lakini nilijua mahali uso ule ulipo. Zamani gazeti la parokia lilikuwa na katuni za mzee mwenye baiskeli, aliyechelewa misa kila Jumapili na kila Jumapili akaja na uongo mpya. Aliyezichora alikuwa mwalimu wa hapa hapa Kasongo. Mara moja alimwangusha mzee yule katikati ya soko, na pembeni mwa kisanduku cha mwisho akamweka mama yangu, nyuma ya madumu yake ya mawese, anacheka. Mtaa mzima ulimtambua. Mama alijifanya amekasirika, kisha akatembea na gazeti lile wiki nzima.

Basi niliposikia katuni zile zimekusanywa na kuchapwa upya kuwa kitabu kizima, nilimsumbua mfanyabiashara mmoja wa dhahabu anayepita Kabambare kwenda Bukavu mpaka akakubali kunitafutia. Kilifika juu ya pikipiki, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki kama samaki mkavu.

Kwa macho ya haraka, kitabu kizuri. Jalada gumu, karatasi nyeupe, wino mweusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Lakini mimi si mtu wa kusifu jalada. Mistari myembamba ya mwalimu wameinenepesha. Maneno aliyoyaandika kwa mkono wameyafuta, wakaweka herufi za mashine, na kila "mutoto" amekuwa "mtoto", kana kwamba yule mzee wa baiskeli amehamia pwani. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu aliyesafisha kurasa nadhani alisifiwa sana.

Nikafika kwenye soko. Mwanamke alikuwepo, na madumu yake, na kitambaa chake cha madoadoa kichwani. Nilimtazama, naye akanitazama kama mgeni anayeuliza njia.

Nikampelekea mama mdogo, ndugu ya mama, maana amebaki yeye peke yake anayemkumbuka vizuri. Alisogeza kitabu karibu na mlango, penye mwanga.

"Uyu si yeye," akasema. "Nani alimunawisha hivi?"

Hapo nikaelewa. Mama alikuwa na chale shavuni, vidoti vidogo alivyochanjwa utotoni. Msafishaji wa kurasa, huko mjini, aliviona akadhani ni uchafu wa karatasi kuukuu. Alivifuta kimoja kimoja, kwa bidii, na nina hakika alijisikia amefanya kazi njema. Nilimchukia mtu nisiyemjua.

"Leta bic," mama mdogo akasema. Nikampa kalamu.

Yeye pia ana chale. Aliweka kidole kwenye shavu lake, akapapasa, akaweka kidoti kwenye kitabu. Akapapasa tena, akaweka kingine. Alipomaliza alinyoosha mkono kukiweka kitabu mbali na macho. Kisha akajishika tena shavu.

"Yesu wangu. Nimejiandika miye."

Walifanana mno, yeye na mama. Bibi yetu, asije akawachanganya, alimchanja mkubwa shavu la kulia na mdogo shavu la kushoto. Na sasa pale sokoni, nyuma ya mawese, alikuwa amesimama mama mdogo, kijana, anacheka mahali pa marehemu. Alilia bila kujificha. Nami nililia, kwa sababu wino wa bic haufutiki, na kwa sababu uso ule ndio uliokuwa wa mwisho.

Nikakichukua kitabu nikifunge. Nilipokiinamisha kwenye mwanga, nikaona doa moja la kitambaa limekaa vibaya. Madoa mengine yalikuwa ndani ya nguo. Hili lilikuwa limeshuka chini ya pindo, karibu na sikio, juu ya ngozi. Shavu la kulia. Ilikuwa chale moja ya mama; msafishaji aliidhania doa la kitambaa, akaiacha.

Nikamwonyesha mama mdogo. Alifuta macho kwa ncha ya kikwembe alichojifunga, akaligusa doa lile kwa ukucha, taratibu, jinsi mtu anavyomgusa aliyelala.

"Eeh. Uyu ndiye yeye."

Nikamuuliza kama niongeze mengine upande ule, yule wa kitabuni amalize kuwa mama. Akakataa kwa kichwa.

"Acha. Tutasimama wawili."

Kidole chake kilibaki pale. Nilipoanza kufunga kitabu akanishika mkono.

"Polepole, mwana wangu. Usimufinye."