Tunda la Mume Wangu

"Ukinyoosha mkono leo, usirudi kwangu. Pitiliza kwa mama yako Mlingotini."

Ndivyo alivyoniambia mume wangu, huku anafunga vifungo vya kanzu. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Mume wangu akifoka, hamna neno. Akinong'ona, jua amekusudia. Nikasema haya. Nikatia doti mbili za khanga kikapuni, nikafunika kawa juu. Mimi si wa kutishwa mara mbili.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa sigara za umeme. Dukani kwetu, nyuma ya shule ya msingi, alizipanga pamoja na pipi na chingamu: ya embe, ya nanasi, ya stroberi. "Mvuke tu huo," alisema. Mvuke! Watoto wa darasa la sita walinijia na sare zao, "Mama, tupe ile ya embe," utadhani wanataka ubuyu. Nikawafukuza. Yeye akawaita, akawauzia, akanikemea mbele yao kwamba namfukuzia riziki.

Sasa mtaa ulikuwa umeitisha mkutano uani kwa mwenyekiti: je, tupeleke ombi halmashauri, sigara zenye ladha, za umeme na za kawaida, zisiuzwe karibu na shule wala kwa watoto? Mwenyekiti akasema kila mtu atoe lake. Watu wakatazama miguu yao. Wazazi walewale walionishika mkono sokoni wakinililia juu ya watoto wao! Lakini mume wangu ndiye aliyetandika mazulia mapya msikitini, nani wa kumkabili usoni?

Akasimama, akatoa sigara moja ya embe mfukoni, akaiinua juu. "Jamani, hili ni tunda. Tunda limemdhuru nani?" Binti yetu wa darasa la kwanza alikaa miguuni pake, anachezea ndala. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, kikapu mapajani.

Ndipo akainuka mama mmoja wa Kikwere, mwenyeji wa Miono, anayetuuzia mihogo. Mume wangu ni Mnyamwezi, babu zake walishuka pwani na misafara, kwa hiyo yule mama ni mtani wake. Na mtani hakasirikiwi. Akamwendea, akampokonya ile sigara. Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka, afanyeje?

"Tunda, eti?"

"Tunda, mtani wangu."

"Sasa mimi kibogoyo la nini? Tunda wapewe watoto." Akamwinamia binti yetu. "Haya mjukuu wangu, babako kaleta embe. Fungua mdomo."

Mwanangu, kwa adabu niliyomfunza mwenyewe, akafungua.

"Wee! Usimpe mwanangu!" mume wangu akapiga kelele.

Kiti kilianguka. Alikuwa keshamnyakua mtoto, kamkumbatia kifuani, kiganja kimeuziba mdomo wake mdogo. Safari hii hakucheka mtu.

"Alaa," yule mama akasema polepole. "Mkuki kwa nguruwe, mtani wangu."

Mwenyekiti akakohoa. Akaomba wanaounga mkono ombi wanyooshe mikono. Sikungoja kuona wengine wanafanyaje. Nilinyoosha wangu huku namtazama mume wangu machoni, naye ananitazama. Nilikuwa tayari kwa Mlingotini, wallahi, japo machozi yalikuwa yananitoka. Nilipogeuka, mikono ilikuwa imejaa ua zima.

Watu walipotawanyika alinijia, mtoto bado yuko begani kwake. Nilisimama palepale nikisubiri neno lake. Akakitazama kikapu, akainua kawa, akaziona khanga. Akairudisha kawa mahali pake, kisha akakichukua kikapu mkononi mwangu.

"Twende nyumbani," akasema. "Mtoto ana njaa."