Fundi wa Bidiya na mifuko ya upepo yenye chapa ya ngamia

Saa moja asubuhi, na kinachoonekana cha Tarish bin Musabbah ni miguu tu. Sehemu iliyobaki ya mwili wake iko chini ya Land Cruiser ya mwaka 1994, kati ya ekseli ya nyuma na chasisi, na sauti yake inatoka huko kama ya mtu aliyetumbukia kisimani.

"Mama, nipe huo mfuko."

Bi Ghubaisha, mwenye gari na mfugaji wa ngamia, anakaribia miaka sabini. Alipewa kiti kivulini akakikataa. Amechutama kando ya gurudumu, barakoa ya kimila usoni, birika la kahawa karibu yake, na anampitishia fundi vifaa kimoja kimoja. Anauokota mfuko mwekundu wa mpira, uliokamuliwa upepo wote na kukunjwa kama barua, na kuuingiza chini.

"Umenenepa, Tarish," anamwambia. "Siku hizi unaingiaje humo?"

"Naingia kwa bismillahi, mama. Kutoka ndiyo kazi."

Tarish, mwenye umri wa miaka 51, ni fundi wa hapa Bidiya, ukingoni mwa jangwa la mchanga la Sharqiya. Alitengeneza magari ya jeshi kwa miaka 22 kabla ya kufungua karakana yake. Anafanya kazi zote za gari, ila watu wanamfuata kwa moja: kutia mifuko ya upepo ndani ya springi za nyuma za magari makongwe.

Gari likizeeka, springi huchoka. Ukilipakia pipa la maji la nusu tani na magunia ya shayiri ya ngamia, mkia unakaa chini na pua inatazama mbinguni. Kwenye lami utafika, kwa maombi. Kwenye mchanga hufiki. Mfuko ukitiwa ndani ya springi na kujazwa upepo, mgongo wa gari unanyanyuka na kukaa sawa.

"Mfuko haulibebi gari," Tarish humwambia kila mteja, atake asitake. "Unaisaidia springi. Ukija hapa kuniambia unataka kubeba tani mbili, nitakupa kahawa, kisha nitakuonyesha njia ya kwenda kununua lori."

Amekwisha kuyatia mifuko magari zaidi ya mia tatu. Malipo yake ni rial 15 kwa kazi, bei ambayo hajaipandisha kwa miaka tisa. Mafundi wa mjini huchukua mara mbili yake, na wengi wao huunganisha mifuko yote miwili kwa bomba moja. Tarish akilisikia jambo hilo, uso hubadilika.

"Bomba moja! Gari likiinama ubavuni mwa kilima cha mchanga, upepo wa chini unakimbilia juu, na gari linazidi kulala. Mimi kila mfuko naupa bomba lake na valvu yake. Sijawahi kumlaza mtu ubavu."

Hajawahi kumlaza mtu ubavu, kweli. Lakini amewahi kumwacha mtu mchangani, na mtu huyo ni Bi Ghubaisha.

Ilikuwa miezi miwili iliyopita. Tarish alimtilia mifuko, akamweleza yote: akipakia maji ajaze upepo hadi geji isome ishirini, akishusha apunguze, ila asiache ukafika chini ya tano, kwa sababu mfuko mtupu hukunjamana ndani ya springi na kubanwa hadi upasuke. Bi Ghubaisha alisikiliza, akarudia neno kwa neno. Wiki moja baadaye alikwama na nusu tani ya maji, mfuko wa kulia umepasuka, umbali wa saa nne kwa miguu kutoka kwenye hema lake.

"Nilifikiri amesahau," anasema Tarish. "Nikamfuata nimejiandaa kumsamehe. Aibu yangu."

Hakuwa amesahau kitu. Pale lami inapoishia na mchanga kuanza, kila gari husimama ili matairi yapunguzwe upepo, yasizame mchangani. Na hapa Bidiya mzee hapigi magoti mbele ya tairi wakati vijana na wanaume wazima wapo. Bi Ghubaisha alikuwa bado anasalimiana na watu na kumimina kahawa, na mwanamume mmoja mwungwana akalizunguka gari lake akitoa upepo. Alipofika nyuma aliona valvu mbili ndogo kando ya kibao cha namba. Nazo akazimaliza upepo wote, kwa heshima kubwa.

"Yule bwana alinifanyia wema," anasema Bi Ghubaisha. "Nimtukane vipi? Wema umenilaza njaa."

Kwa Tarish, hilo lilikuwa kosa lake mwenyewe. Alizaliwa mchangani, anaijua desturi hiyo tangu utotoni, na bado akaziweka valvu mahali pa wazi, bila alama. Aliumia kuliko anavyopenda kuonyesha.

Aliyeumia zaidi ni Sulayim, mtoto wa Bi Ghubaisha, mwenye nyumba na kazi mjini Ibra. Siku ile alimtafuta mama yake hadi jua likamchubua pua. Akaweka sharti: gari litengenezwe mara moja tu. Likimwacha tena, litauzwa, ngamia kumi na mmoja watagawiwa jamaa, na mama atahamia Ibra.

"Nyumba yangu ina kiyoyozi," Sulayim anasema karakanani, amesimama na mikono nyuma. "Ana chumba chake. Mtu yeyote angeshukuru."

"Nashukuru," anajibu mama yake. "Chumba kizuri. Nikifungua dirisha naona dirisha la jirani."

Kufikia saa nne mifuko iko ndani, mabomba yamepitishwa mbali na ekzosi ili yasiungue, na Tarish anazamisha mkono kwenye maji ya sabuni na kupaka kila kiungo. Hakuna hata povu moja. Linabaki suala la valvu. Tarish alikuwa na mpango wa kuzificha ndani ya kisanduku chenye kufuli.

"Kufuli?" Bi Ghubaisha anauliza. "Kwetu nani anafunga kitu? Kisicho na chapa ni cha kila mtu. Kitie chapa."

Fundi anamtazama, kisha anacheka, kicheko cha mtu aliyetafuta spana saa nzima na kumbe ameishika. Anakata kipande cha bati, anakitoboa matundu mawili ya valvu, na kukifunga kando ya kibao cha namba. Bi Ghubaisha mwenyewe anachovya kidole kwenye rangi nyeusi na kuchora chapa inayokaa kwenye shingo za ngamia wake: mistari miwili iliyosimama na nukta chini.

Saa nane magari mawili yanaondoka, la Bi Ghubaisha likiwa na pipa limejaa maji na mgongo umenyooka kama meza. Sulayim na Tarish wanafuata kwa gari la Sulayim. Njia nzima, Tarish anasema, hawakuzungumza kitu ila habari ya mvua.

Lami inaisha. Magari mengine matatu yamesimama hapo, na wanaume wanainuka kumsalimia mama. Salamu zinakwenda, zinarudi. Kahawa inamiminwa. Na kama ilivyo ada, mmoja wao, mwenye ndevu zenye mvi, anapiga goti kwenye tairi la mbele la gari la mama bila kuombwa. Anamaliza la mbele, anahamia la nyuma. Tarish anakishika kikombe chake bila kunywa. Sulayim naye hanywi.

Mwanamume anafika kwenye kibao cha namba. Mkono unakwenda kwenye valvu, unasimama.

"Hii chapa yako, mama Sulayim?"

"Yangu."

"Basi siigusi," anasema, na kupangusa mikono yake.

Bi Ghubaisha anamaliza kahawa, anapanda, na kugeuza ufunguo. Kilima cha kwanza ndicho kilichomshinda mara ile. Gari linakipanda polepole, nyuma haikai chini, pua haiinuki, na maji hayamwagiki. Juu kabisa linasimama kidogo, kisha linateremka upande wa pili. Hakugeuka kupunga mkono. Tarish anasema hapo ndipo alipojisikia fundi kuliko siku zote za maisha yake, na haoni aibu kulisema.

Sulayim alikitazama kilima kitupu. "Haya," alisema. "Nitamletea shayiri Ijumaa." Habari ya kuuza gari hakuigusa tena.

Nyuma ya karakana kuna Land Cruiser nyingine, ya Tarish mwenyewe, mkia umekaa chini hata bila mzigo. Mganga hajigangi. Alikuwa na miaka tisa baba yake, Musabbah, aliposhindwa kuwapelekea ngamia maji kwa sababu springi za gari zilikuwa zimekatika. Familia iliuza ngamia wote na kuhamia mjini. "Baba hakulalamika," anasema. "Ila hakuwahi kulala akiwa ameelekea ukutani. Alielekea mchangani mpaka alipofariki."

Msimu wa baridi ukifika, Tarish anataka kumpeleka mama yake kupiga hema pale pale walipohama. Mifuko ya gari hilo imeshanunuliwa. Kitu kimoja tu kilimkwaza: chapa ya baba yake alikuwa ameisahau.

Bi Ghubaisha hakuisahau. Kabla ya kuondoka karakanani aliichora kwa fimbo kwenye vumbi, mwezi mwandamo umeegemea mstari, akasema, "Ngamia wenu walikuwa wakorofi. Nawakumbuka."

Sasa chapa hiyo iko kwenye kipande cha bati, rangi bado mbichi, kimewekwa juu ya benchi la kazi. Mteja anayesubiri gari lake ananyoosha kidole kukishika.

"Usikiguse," anamwambia Tarish kutoka chini ya gari. "Kina mwenyewe."