Bilali, fundi anayeuliza kwanza bolti ilikatikaje

Saa moja asubuhi, umande bado umelala kwenye mikorosho ya Mkotokuyana. Fundi Bilali Mtopela amechuchumaa uani kwa Bi Rukaiya, mbele ya gunia lililotandikwa chini. Juu ya gunia, mashine ya kupulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho, imelazwa ubavu. Spana zote bado zimo kwenye mfuko wake wa vifaa. Anaanza na swali.

"Ilikatika mkifungua au mkifunga?"

Bi Rukaiya anamtazama Mwalimu Gwakisa, naye Mwalimu anatazama viatu vyake.

"Nilikuwa nafungua, fundi," Mwalimu anasema hatimaye. "Kutu hiyo. Salfa inakula chuma."

Mwalimu Gwakisa ni mtu wa Mbeya. Alihamishiwa wilaya ya Nachingwea miaka sita iliyopita, akapapenda, akanunua ekari mbili za mikorosho. Mashine hana, na juzi aliiazima ya jirani yake Bi Rukaiya. Ekzosi ikalegea, ikaanza kupiga kelele, naye akaona aibu kuirudisha hivyo. Akaamua kuitengeneza mwenyewe nyumbani. Kichwa cha bolti ya ekzosi kikamjia mkononi, shina lake likabaki ndani ya silinda.

Kwingine pengine ingekuwa ajali ndogo. Hapa ni Julai, na mikorosho hamsini na miwili ya Bi Rukaiya imetoa maua. Shambani kwa jirani mwingine ubwiriunga umeshaingia, ule ugonjwa unaoyapaka maua weupe kama unga kisha kuyakausha. Siku ya Bi Rukaiya kupuliza ilikuwa jana.

"Ua likishakuwa jeusi hulibembelezi," anamwambia mwandishi mama huyo mwenye miaka sitini na moja. "Mwaka wetu mzima uko pale juu ya mti. Ada, mabati, hata sukari ya kumkirimu mgeni kama wewe."

Ndiyo maana aliitwa Bilali. Ana miaka arobaini na sita, anaishi Nachingwea mjini na hana gereji. Huwafuata watu majumbani kwa pikipiki, leo Kiegei, kesho Mnero, mara nyingine mpaka Ruangwa. Kwa kazi moja hupata kati ya shilingi elfu nane na elfu ishirini, na msimu wa salfa ukiisha hukaa hata wiki bila kuitwa. Lakini ukitaja bolti iliyokatikia ndani, watu wote wanakuelekeza kwake.

Anadondosha mafuta ya taa kwenye tundu, kisha anawasha mkaa kwenye jiko dogo.

"Iliyokatika ikifunguliwa imeng'ang'aniwa na kutu," anaeleza. "Hiyo unaipasha moto, unaipaka nta ya mshumaa inyonye. Ikigoma, unaitoboa. Iliyokatika ikifungwa haikung'ang'aniwa na kitu, ilizidiwa nguvu tu. Hiyo unaibembeleza."

Anatoa drili ya mkono, anaifuta taratibu, na kuendelea kusema bila kumtazama mtu. "Silinda hii ni alumini, laini. Mkono ukiteleza kidogo tu, imekwenda. Na silinda yake huku haipo, mpaka iagizwe Dar. Wiki mbili hizo."

Mkaa unaanza kuwa mwekundu. Bilali anasogeza jiko, drili ikiwa tayari mkononi.

"Fundi, subiri." Mwalimu amesimama. "Nilikuwa nafunga. Nilichomeka bomba la baiskeli kwenye spana ili nipate nguvu."

"Bomba la baiskeli!" Bi Rukaiya anashika kiuno. "Na wajukuu zetu unawafundisha nini pale shuleni?"

"Hesabu, mama."

"Basi hesabu ya bomba umeikosa."

Mwalimu anacheka kwa aibu, na mama naye anashindwa kujizuia. Bilali hacheki wala hamgombezi. Anarudisha drili mfukoni na kutoa tindo dogo, jembamba kama msumari, alilolichonga mwenyewe kutoka kwenye tupa chakavu. Analiegemeza pembeni mwa kipande kilichobaki na kugonga kuelekea upande wa kufungulia. Tik. Tik. Hapigi kwa nguvu, utadhani anabisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Dakika kumi zinapita. Kipande kinasogea kwa upana wa uzi. Anagonga tena, kinasogea tena, mpaka kinachomoza na anakimalizia kwa kukizungusha kwa vidole. Nyuzi za silinda, pale bolti inaposhika, ni nzima kabisa. Anachomeka bolti mpya iliyopakwa grisi na kuikaza kwa vidole viwili tu juu ya spana, Mwalimu aone.

Kamba inavutwa mara ya kwanza, mashine inakohoa. Ya pili, inanguruma. Bi Rukaiya anapiga kigelegele ambacho majirani wa mbali watakiulizia baadaye. Umande unaoshikisha salfa kwenye maua umekwisha kukauka, kwa hiyo kazi ni kesho alfajiri, na Mwalimu anasema ataibeba yeye mgongoni, aanze na mikorosho ya mama.

Si kila fundi angengoja ukweli namna ile. Bilali anasema alijifunza kwa gharama ya mtu mwingine.

Miaka ishirini na minne iliyopita alikuwa akijifunza ufundi Ruangwa. Ililetwa mashine kama hii, ya mkulima wa Mnero aitwaye Saturnini. Bilali akakaza bolti kupita kiasi, ikakatika. Alipoulizwa na mwalimu wake wa ufundi, akajibu kuwa alikuwa anafungua, ni kutu. Mzee wa watu akaamini, akatoboa, drili ikapotea njia na silinda ikapasuka. Saturnini alikosa msimu mzima, na lawama zikamwangukia yule fundi mzee mpaka alipofariki.

"Nilinyamaza," anasema Bilali, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mikono yake haina kazi. "Naona haya mpaka leo."

Nyumbani kwake, mkewe Faudhia amezoea kuipisha mashine moja pembeni mwa kitanda. Bilali ameiunga kwa vyuma chakavu kwa miaka mitatu, na sasa imebaki kabureta tu. Ni ya kumpa Mzee Saturnini, ambaye bado yupo Mnero na bado anaazima za watu. Jumapili hii Bilali atakwenda kumwona. Mashine ataiacha nyumbani.

"Kwanza nitamwambia. Mashine baadaye," anasema. "Nikitanguliza mashine, nitakuwa namhonga."

Kabla ya kupanda pikipiki yake anamwomba mwandishi jambo moja: habari hii isitoke gazetini kabla ya Jumapili.

"Asije akasomewa na watu," anasema. "Nataka aisikie kwangu."